Istiari ya Vita katika Mjadala wa Kafyu Nchini Kenya, 2020

Makala haya yanachunguza namna istiari ya vita ilivyoathiri mjadala kuhusu hatua za serikali ya Kenya dhidi ya UVIKO-19. Kisa cha kwanza nchini kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Majuma mawili baadaye, tarehe 27, kafyu ya kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri ikaanza kutekelezwa. Chanjo haikuwapo, na vitanda vya wagonjwa mahututi vilikuwa haba. Serikali ilikuwa na sababu ya kuhofu. Katika hotuba za viongozi, virusi vikawa adui, nao wahudumu wa afya wakawa wapiganaji wa mstari wa mbele.

Istiari huhamisha sifa za kitu kimoja hadi kingine. Ile ya vita, hata hivyo, haileti ushujaa pekee. Huja pia na msaliti, mateka na rungu. Adui huyu hakuonekana kwa macho. Aliyeonekana ni mtu aliyechelewa kufika kwake. Siku ile ya kwanza, katika kivuko cha Likoni, Mombasa, polisi waliwarushia vitoza machozi na kuwapiga abiria waliokuwa wakingoja feri, ilhali saa ya kafyu ilikuwa haijafika. Watu hao walikuwa mbioni kuitii amri yenyewe! Tarehe 1 Aprili Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi kwa nguvu za kupita kiasi zilizotumiwa na polisi.

Hoja nzito zaidi dhidi ya serikali ilitolewa mahakamani na Chama cha Mawakili cha Kenya. Kafyu ilikuwa imetangazwa chini ya Sheria ya Utulivu wa Umma, ambayo kimsingi inahusu fujo na mikutano, ingawa Kenya ina Sheria ya Afya ya Umma. Yaani istiari ilikuwa imetoka jukwaani ikaingia katika sheria. Tarehe 16 Aprili Mahakama Kuu iliamua kwamba kafyu yenyewe haikukiuka katiba, bali matumizi ya nguvu kupita kiasi katika kuitekeleza yaliikiuka. Kila upande ulipata nusu ya kushangilia.

Neno karantini nalo lilihama. Kitabibu, karantini ni kumtenga kwa muda mtu anayeshukiwa kuambukizwa. Mwezi huo wa Aprili, waliokamatwa kwa kukiuka kafyu walianza kupelekwa karantini kwa siku 14, na baadhi ya waliozuiliwa humo walidaiwa gharama. Neno la tiba likawa la adhabu. Mwenye kikohozi angejitokeza kwa lipi?

Haifuati kwamba kuitupa istiari ya vita kungetosha. Nchini Tanzania, Rais John Magufuli, akizungumza kanisani jijini Dodoma mwezi Machi 2020, aliifananisha korona na shetani. Baada ya Aprili, takwimu za kitaifa zilikoma kutangazwa hadi mwaka uliofuata, chini ya Rais Samia Suluhu Hassan. Shetani hukemewa, hahesabiwi. Katika msamiati huo, aliyedai takwimu alionekana mtu wa imani haba, na daktari akakosa pa kusimamia.