Maelezo ya Zana kwa Wakala wa Akili Mnemba

Wakala wa akili mnemba ni modeli ya lugha iliyopewa uwezo wa kutenda. Hupokea ombi la mtu katika lugha ya kawaida, huchagua zana inayofaa, huijazia taarifa zinazotakiwa, kisha husoma jibu linalorudi. Zana yenyewe ni mlango ambao programu moja huufungua ili programu nyingine ipitishe maombi yake. Wataalamu huuita mlango huo API. Tangu mwaka 2023 modeli kadhaa zimeweza kupewa orodha ya zana za namna hiyo na kuzitumia.

Yafaa kukumbuka kwamba modeli haioni kilicho nyuma ya mlango. Huona maneno tu: jina la zana, maelezo yake, na nafasi za kujazwa kama zile za fomu. Fundi akikuta maelezo mafupi huweza kusoma maagizo ya programu, kujaribu, au kumwuliza mwenzake. Wakala hukisia; na kwa kuwa hukisia kwa lugha fasaha, kosa lake halitambuliki upesi.

Mfano wa kubuni utalidhihirisha jambo hili. Kampuni ya mabasi imempa wakala zana ifuatayo:

Jina: tiketi
Maelezo: Hushughulikia tiketi.
Nafasi za kujazwa: kutoka, kwenda, siku, saa

Hakuna uongo hapo, lakini maelezo hayo hayatoshi. Je, zana hii hutafuta viti tu, au hukata tiketi na kutoza nauli? Siku iandikwe vipi? 03/04 ni tarehe 3 Aprili kwa Mtanzania, ilhali kwa Mmarekani ni tarehe 4 Machi. Gumu zaidi ni suala la saa. Abiria wa Dodoma asemapo “saa mbili asubuhi” huhesabu tangu kuchomoza kwa jua, naye hutaka basi la 08:00. Modeli iliyofunzwa zaidi kwa maandishi ya Kiingereza yaweza kujaza 02:00, na abiria akatozwa nauli ya basi lililoondoka yeye angali amelala. Programu ya kampuni haina hitilafu yoyote. Kilichokosekana ni sentensi moja.

Kutoelewana kwa namna hii kulikuwapo kabla ya mawakala. Tarehe 23 Septemba 1999 shirika la NASA la Marekani lilipoteza chombo cha Mars Climate Orbiter kilipofika kwenye sayari ya Mirihi. Programu moja ilitoa hesabu za msukumo kwa paundi-sekunde. Iliyozipokea ilizichukua kuwa nyutoni-sekunde. Tofauti ya vipimo hivyo ni takribani mara 4.45. Hati ya makubaliano ilitaka nyutoni, lakini namba za kipimo kingine zilipita bila kuzuiwa. Kwa hiyo maelezo mazuri hayaondoi haja ya programu kukagua kile inachopokea.

Zana ya mabasi yaweza kuandikwa upya hivi:

Jina: kata_tiketi_ya_basi
Maelezo: Hukata tiketi moja na kutoza nauli papo hapo. Itumike baada tu ya abiria kuthibitisha safari na nauli. Kutafuta viti bila kutoza, tumia tafuta_viti. Ikiitwa mara mbili, hukata tiketi mbili.
tarehe: mwaka-mwezi-siku, mfano 2026-04-03.
saa_ya_kuondoka: mfumo wa saa 24, saa za Afrika Mashariki. Saa mbili asubuhi ni 08:00. Saa mbili usiku ni 20:00. Abiria asipotaja asubuhi au usiku, aulizwe kwanza.

Sentensi yenye thamani kubwa kuliko zote hapo pengine ni ile inayoitaja zana jirani. Wakala mwenye zana kumi zinazofanana huweza kukosea katika kuchagua, na kila zana isipowekewa mpaka wake zote huonekana kuwa moja. Lakini urefu nao una gharama: maelezo ya zana huchukua sehemu ya nafasi yenye kikomo ya usomaji wa modeli, na sifa za kampuni hazina kazi humo.

Ujumbe wa kosa nao ni sehemu ya maelezo. “Kosa 400” humwacha wakala gizani, naye huweza kurudia ombi lile lile. “Tarehe imekwisha kupita, toa tarehe ya leo au ya mbele” humwonyesha la kurekebisha.

Zoezi la darasani, lisilohitaji kompyuta: mwanafunzi wa kwanza aandike kwenye karatasi maelezo ya zana tatu za maktaba ya shule, yaani kutafuta kitabu, kuazima, na kuongeza muda. Wa pili awe wakala. Asione kitu ila karatasi hiyo, wala asimwulize mwandishi neno. Wa tatu alete maombi kama watu wasemavyo: “Niongezee siku za kile kitabu cha juzi.” Kila mahali wakala anapolazimika kukisia, mwandishi airekebishe sentensi, kisha karatasi apewe mwanafunzi mwingine ambaye hajaiona.