SOMO: MBIO ZA MOTOKARI KATIKA MJI WA WAALIMU

Wengi wetu tunafikiri kama shofere hodari ni mwenye mguu mzito tu. Tutazame mji mmoja wa Ulaya unaotuonyesha kama sivyo.

1. Mji. Jyväskylä ni mji wa inchi ya Ufini, katikati ya maziwa na misitu. Ulianzishwa mwaka 1837. Mwaka 1863 palifunguliwa pale masomo ya kwanza ya kutayarisha waalimu kwa luga ya Kifini. Toka mwaka 1966 mji una universite yake.

2. Mbio. Zilianza mwaka 1951, na mwaka 1973 ziliingia katika shindano la dunia. Hufanyika kila mwaka, isipokuwa 2020 kwa ajili ya Covid. Barabara zake nyingi ni za changarawe, bila lami, zenye vilima vidogo vingi. Motokari ikifika juu ya kilima kwa mbio, inaruka. Mwaka 2003 Markko Märtin wa Estonia aliruka metre 57 pahali panapoitwa Ouninpohja, akienda kilometre 171 kwa saa!

3. Kaye. Nyuma ya kilima shofere haoni kitu. Kama barabara inapinda kushoto na yeye anafikiri inanyooka, ataanguka katika miti. Tena akipunguza mwendo kwa kila kilima, wengine watamshinda. Afanye nini?

Ndani ya motokari wako watu wawili. Mbele ya siku za mbio wanapita kila barabara mara mbili, polepole. Shofere anasema: kona ya kuume, kali kadiri gani, kisha metre ngapi mpaka kilima. Mwenzake anaandika yote katika kaye. Siku ya mbio anasoma kwa sauti, na shofere anageuza usukani kwa kusikia, mbele ya kuona. Msomaji akiruka mstari mmoja ao akichelewa kidogo, hatari ni ya wote wawili.

Basi, mwendo ule mkubwa unatoka katika kazi iliyofanywa polepole. Ni vilevile kwetu: kaye iliyoandikwa ovyo haisaidii mtu siku ya ekzame.

Maulizo
1. Kwa nini shofere hawezi kutumaini macho yake peke yake?
2. Kwa nini wanapita barabara mara mbili, si mara moja?
3. Fungua kaye yako ya juma lililopita. Mwenzako angeweza kuisoma kwa sauti bila kusimama?