Dondoo Muhimu: Ngozi ya Uzeeni
Ngozi ya mtu aliyekwisha kutimu miaka 60 hupungukiwa na mafuta yake ya asili, ikawa nyembamba, yenye kuwasha usiku na kuchubuka kwa jambo dogo; basi yafaa aoge kwa maji ya uvuguvugu, muda usiozidi dakika 10, sabuni aipake kwapani, kinenani na miguuni tu, kisha, mwili ungali na unyevu, ajipake mafuta mazito yasiyo na manukato, kama vaselini. Sabuni ya kufulia, ingawa wako waisifuo, humzidishia mwasho. Krimu za kujichubua, ambazo baadhi yake zina zebaki, ni dhara tupu. Na kidonda kisichopona kwa majuma 4, au doa jeusi linalotanuka unyayoni, daktari alitazame bila ya kutaahari.