KUUNDA MFANO MDOGO WA NDEGE YA MAJI

Mwaka 1937 ndege kubwa za maji za kampuni ya Imperial Airways zilikuwa zikitua Kisumu, katika ziwa lile lile lipigalo mawimbi yake Sindo. Kijana wa Sindo apendaye kuunda mfano wa ndege hiyo hahitaji vitu vingi: kipande cha ule mti mwepesi wa ziwani, ambao wavuvi waliukata kuwa vyelezo vya nyavu, kisu kikali, msasa na rula.

Kwanza, achague kipimo. Ndege hiyo, Short Empire, ilikuwa na futi 114 toka ncha ya bawa hata ncha ya pili, na urefu wa futi 88. Inchi 1 ikisimama badala ya futi 24, mabawa yatakuwa inchi 4 na robo tatu, na mwili inchi 3 na theluthi mbili. Basi na aangalie sana: kosa la sehemu ya nane ya inchi ni kosa la futi 3 nzima.

Pili, ajue la kuacha. Waya zisitiwe, hata unywele mmoja wa kichwa ungeonekana mnene kupita kiasi. Madirisha yatosha kuwa nukta za wino. Rangi iwe nyepesi, maana rangi nzito hufukia yaliyochongwa.

Lakini asiache kidato kilicho chini ya tumbo, kwani ndicho kilichoisaidia ndege kubanduka majini. Mtu azoeaye mashua atatazama hapo kwanza.