Yaya, betri yangu inanidanganya

Wadogo zangu, juma hili nimepata swali kutoka Kikula, hapahapa Likasi. Mdogo wetu anauza maji baridi na kuchaji simu kwa sola. Anasema: "Yaya, jioni taa ya regulata ni ya kijani, saa tano usiku friji imezima. Fundi ananiambia ninunue betri nyingine."

Usinunue kwanza, mdogo wangu. Betri yangu ya kwanza ilikufa kabla ya mwaka kwisha kwa kuiamini taa kama hiyo. Inasoma volti tu, na volti hupanda jua likiwaka hata kama betri haijashiba. Ni kama mtoto aliyekunywa maji matupu: tumbo limetuna, njaa iko palepale. Betri ya risasi ya volti 12 husema kweli ikipumzika saa kadhaa, bila kuchajiwa wala kutumiwa: 12.7 imejaa, 12.2 imebaki karibu nusu. Nani kati yetu ana saa hizo za kuipumzisha?

Nunua kipimo cha betri chenye shanti. Shanti ni kipande cha metali chenye bolti nene kila upande. Mara nyingi ni manganini, yaani shaba nyingi, manganizi na nikeli kidogo. Naam, shaba, ileile iliyowaajiri baba zetu kiwandani Shituru. Joto likipanda, ukinzani wake karibu haubadiliki, kwa hiyo kipimo kinahesabu umeme unaopita humo, unaoingia na unaotoka, sawasawa na mama mwenye daftari la madeni.

Siku ya kufunga, simama hapo mwenyewe. Fundi atenganishe paneli na regulata kwanza, ndipo aguse betri. Akigeuza mpango huo, regulata inaweza kuungua. Avue pete. Waya mweusi utoke wa kwanza na urudi wa mwisho. Waya mwembamba mwekundu wa kipimo upitie fyuzi ndogo.

Sasa nisikilize vizuri. Upande mmoja wa shanti ni wa hasi ya betri, peke yake. Nyaya nyeusi zote zilizobaki, za regulata, inveta, taa na zile za kuchajia simu, ziende upande wa pili. Waya mmoja ukibaki umebanwa kwenye kichwa cha betri, umeme wake hauhesabiwi. Wewe unayechaji simu za mtaa mzima utaona asilimia 80 wakati betri inakata roho.

Wake za madereva wanaolala kabini kwenye barabara ya Kolwezi, yenu ni hayohayo, ila malori mengi ni ya volti 24, na waya wa chesisi nao ukae upande wa pili wa shanti.

Kisha ingiza ampea-saa zilizoandikwa kwenye betri, ngoja ijae kabisa, ndipo ukiambie kipimo kuwa hiyo ndiyo 100. Betri ya risasi ikifika 50, zima friji. Najua maji yatapoa kidogo tu na mteja atanung'unika, lakini betri ni ghali kuliko mteja wa usiku mmoja.

Fundi akimaliza, kabla hujamlipa, chukua tochi uinamie betri. Kwenye kichwa cha hasi uone waya mmoja tu. Ikiwa ni miwili, mwambie arudie kazi.