Kileo Kipofushacho

Ninyi mkaao Kwai mwaijua boha, pombe ya miwa ya Usambara. Maji ya miwa yakisha kukamuliwa na kuwekwa, hamira hula sukari iliyomo na kuigeuza kuwa kileo. Boha humlevya mtu na kummalizia fedha za chumvi na za daftari za watoto. Lakini habari ya leo ni ya kinywaji kikali kupita hicho.

Pombe ikichemshwa, kileo hutangulia kupanda kwa mvuke, maana huchemka kwa nyuzi 78, na maji kwa nyuzi 100 (huku mlimani hupungua kidogo). Mvuke ule ukipitishwa katika bomba lililopozwa, hudondoka kuwa gongo, ambayo wengine huiita moshi. Kuipika pasipo leseni ni kosa la sheria. Kwa hiyo hupikwa vichakani, wala hapana apimaye kilichomo.

Hapo ndipo hatari iingiapo. Iko spiriti ya viwandani, jina lake methanoli, itumiwayo katika kazi za rangi na gundi. Haina rangi, nayo kwa harufu na ladha yafanana mno na kileo cha kawaida, hata mnywaji hawezi kuzitofautisha. Wauzaji wenye tamaa huichanganya ili kinywaji kiwe kikali kwa gharama ndogo. Mwezi wa Novemba mwaka 2000, mjini Nairobi, watu maskini walikunywa kinywaji kilichoitwa kumi kumi, kwa kuwa bilauri moja iliuzwa shilingi kumi. Kilikuwa na methanoli. Walikufa watu zaidi ya 100, na katika waliopona wako wasioona tena.

Kwa nini macho? Ini huigeuza methanoli kuwa tindikali, ileile watemayo maji-moto, wale chungu wekundu wa miembeni huko pwani ya Tanga. Tindikali hiyo huharibu mshipa uchukuao habari kutoka jichoni hata ubongoni. Lakini ini hufanya kazi hiyo polepole. Huweza kupita saa 12, pengine hata 24. Mnywaji hulala, huamka mgonjwa, na jirani husema, "Ni uchovu wa pombe tu, mwacheni alale." Mimi naliogopa neno hilo kuliko chupa yenyewe.

Basi baba au mjomba akiamka akasema aona ukungu, na nje jua limewaka juu ya mlima, tena atapika, aumwa na tumbo, ahema upesi, msimwache alale. Waambieni wakubwa wampeleke hospitali ya Lushoto mara hiyo, ijapokuwa ni usiku. Wala wasione haya kutaja alichokunywa, maana daktari asiyeambiwa huenda akatibu malaria. Iko dawa ya kulizuia ini lisiigeuze methanoli, na katika hospitali kubwa iko mashine ya kusafisha damu. Akiwahi, macho huweza kupona. Akichelewa, huenda yasirudi kabisa.

Maswali: Kwa nini kileo hutangulia maji kupanda kwa mvuke? Kwa nini mnywaji wa methanoli haoni madhara yake usiku uleule? Daktari aambiwe nini?