Kufundisha Maneno ya Hisia kwa Hadithi ya Kompyuta Iliyoogopa

Wanachuo wengi wafundishapo maneno kama hofu, huzuni na majuto, huandika maana ubaoni na kuwataka watoto wanakili. Njia hiyo huwapa watoto maneno bila kuwapa la kufikiri. Hapa twapendekeza kuanza na hadithi.

Mwaka 1968 ilitolewa filamu iitwayo 2001: A Space Odyssey, iliyoongozwa na Stanley Kubrick. Ndani yake mna kompyuta, HAL 9000, inayoendesha chombo kiendacho kwenye sayari ya Jupita. Haina uso, ina jicho jekundu na sauti ya upole. Kompyuta hiyo yawaua wanaanga wanne. Wa tano, Bowman, aingia kuizima, akichomoa sehemu za kumbukumbu yake moja baada ya nyingine. Ndipo HAL isemapo kwamba inaogopa. Sauti yazidi kuwa nzito, yaimba wimbo iliofundishwa zamani, kisha yanyamaza. Watazamaji wengi huionea huruma, ingawa ni muuaji.

Mwalimu asimulie kisa hiki tu. Si lazima filamu ionyeshwe. Kisha aulize: Je, HAL iliogopa, au ilisema tu kwamba inaogopa? Asitoe jibu. Hata katika filamu yenyewe, Bowman aulizwapo na mtangazaji kama kompyuta hiyo ina hisia za kweli, hujibu kuwa imetengenezwa ionekane hivyo ili watu wazungumze nayo kwa urahisi. Lakini kama hisia hizo ni za kweli, hakuna awezaye kusema.

Tulipolishuhudia somo hili katika darasa la sita, mtoto mmoja alisema kwamba simu nayo huomba samahani mtu asipopatikana, wala haisikitiki. Mwenzake akapinga: simu haikuwa ikifa. Ubishi ukapamba moto, na maneno ya hisia yakatumika kuliko tulivyotarajia. Mwanachuo alitaka kuukatiza, kwani andalio lake la somo liliruhusu dakika kumi tu. Tukamwashiria auache.

Baada ya kipindi alituuliza jambo ambalo hatukulitazamia. Watoto wa nyuma walikuwa wameitikia kwa pamoja kwamba wameelewa. Yeye angejuaje kama ni kweli, au wamezoea tu kuitikia hivyo? Tuliketi naye, tukayafungua madaftari yao, tukaanza kusoma sentensi walizotunga.